Mama Tulia na Picha za Ndani ya Pua

Ijumaa hii, tarehe 30, mtaalamu wetu wa picha za mionzi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake limo kwenye faili la utawala, sisi tunamwita Mama Tulia, kwa kuwa hakuna aliyelala kwenye mashine yake bila kuambiwa, "Tulia, mpenzi, usimeze hata mate."

Alianza enzi za kuosha filamu gizani, akirudi nyumbani mikono ikinuka dawa hadi mumewe akamtania kwamba ameoa kopo la dawa. Mashine ya CT, inayopiga picha za mionzi tabaka kwa tabaka, ilipofika, yeye ndiye wa kwanza kuimudu. Alitufundisha kwamba uso haukisiwi: CT huonyesha mfupa ulioliwa na uvimbe, MRI, ile ya sumaku, hutenganisha uvimbe na makamasi yaliyokwama nyuma yake. Aliyelaza kichwa upande alipigwa picha upya, hata awe mkurugenzi. Na mkurugenzi alipigwa upya, mara mbili.

Miaka tisa iliyopita alimlaza pale mezani mdogo wake wa kuzaliwa, mwalimu wa chekechea. Kwa miezi saba tundu lake moja la pua lilikuwa limeziba, likitoa damu kidogo kidogo. Alitibiwa mafua, akatibiwa mzio. Nilikuwa na Mama Tulia kwenye kompyuta picha zilipotokea. Mfupa ulio chini ya jicho la kushoto haukuwepo. Mama Tulia alizikagua zote, akampelekea daktari, kisha akaenda kumshusha mgonjwa wake.

"Dada, umeona nini?"

"Daktari atakueleza, mdogo wangu. Nami nitakuwepo."

Alikuwepo. Alikuwepo siku ya upasuaji, wiki zote za tiba ya mionzi ya saratani, na siku jicho lilipoondolewa. Baada ya miezi kumi na minne tulimzika. Jumatatu iliyofuata Mama Tulia aliripoti kazini, akajifungia chumba cha kubadilishia nguo, na sote tukamsikia akilia. Hakuna aliyethubutu kubisha hodi.

Tangu hapo, siku zake za mapumziko alizimalizia kwenye zahanati, akiwasihi waganga: tundu moja likiziba au kutoa damu wiki tatu, msingoje, mpelekeni kwa daktari wa pua. Wengine walimwona msumbufu. Mwaka jana zahanati mojawapo ilituletea fundi seremala, mtu wa kuvuta maisha yake yote vumbi la mbao, ambalo huweza kuleta saratani hii. Uvimbe ulikuwa mdogo, mfupa ulikuwa bado mzima, na uvimbe ukatolewa wote. Mama Tulia alipoonyeshwa majibu alicheka, akaketi, kisha akasema polepole, "Laiti yangekuwa ya mdogo wangu haya."

Sasa anakwenda kukaa na binti aliyeachwa na marehemu, ambaye anamwita mama.

Dada yetu, asante kwa kila uso ulioupa muda wako. Msiba wako hatukuweza kukupunguzia, lakini hukutuficha. Nenda salama, tunakuombea afya, usingizi mtamu, na miaka mingi pamoja na mwanao.