Zamu ya Jumanne katika Chai ya Velma

Wasikilizaji wapendwa, leo naongea nanyi nikiwa na uzito moyoni. Jumamosi tulimzika Janeffer Chepngeno, Mama Chemutai, karani wa kituo chetu cha kununulia majani chai, huku upande wa Ndanai. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Presha ilimwangusha jikoni kwake, na kabla gari halijapatikana alikuwa ametuacha.

Janeffer alikuwa mkali. Mimi mwenyewe aliwahi kunirudishia gunia zima kwa sababu nilichanganya majani magumu. Nilinuna wiki nzima. Na mtoto akileta majani siku ya shule, Janeffer hapimi. Hapimi kabisa. Hivyo ndivyo alivyomfukuza Nelvine, msichana wa darasa la sita, na kikapu chake mgongoni.

Mwezi ukaisha, hakuna mtoto tena kituoni. Kwenye baraza la chifu Janeffer akasimama, akajisifu kwamba kazi ya watoto imekwisha. Tukampigia makofi. Nami nilipiga.

Tulikosea, wasikilizaji. Watoto hawakurudi darasani. Wazazi walibeba majani wenyewe hadi kituoni, watoto wakabaki shambani wakichuma. Janeffer aligundua asubuhi moja alipopita njia ya mkato. Alimkuta Nelvine katikati ya chai, amejifunga karatasi ya nailoni kiunoni, analia kwa baridi. Akaenda moja kwa moja kwa mama yake, Velma, ambaye ni mjane.

Velma aliniambia: "Alikuja na hasira. Nikamwonyesha vidole vyangu, havikunjiki. Nikamuuliza, Mama Chemutai, mimi nichume na nini? Akakaa chini, akalia na mimi."

Mume wa Janeffer, Mzee Kimeli, anakumbuka aliporudi nyumbani. "Aliniambia, 'Baba Chemutai, huyo mtoto nilimfukuza kwenye mizani tu. Sikumtoa kwenye chai.' Siku hiyo hakukula."

Kesho yake alizunguka kokwet yetu, majirani wote, nyumba kwa nyumba. Wanawake wanne wakakubali, yeye wa tano. Kila mmoja na siku yake ya kuchuma chai ya Velma. Janeffer alichukua Jumanne, kabla ya kufungua kituo. Nelvine akarudi shule. Mihula miwili hakukosa hata siku moja. Mihula miwili, wasikilizaji wapendwa.

Kisha Janeffer akafa. Sote tukahamia kwenye matanga, tukapika, tukaimba. Chai haikungoja. Hakuna aliyekumbuka kwenda kwa Velma. Nelvine aliingia shambani Jumanne na sare ya shule, na Jumamosi, tulipokuwa tukimsifu marehemu kwenye kipaza sauti, bado alikuwa anachuma. Naona haya kuwaambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mzee Kimeli, Chemutai na jamaa wote, poleni sana. Mungu awafariji. Saisere, Janeffer, nenda salama.

Nasi tuliobaki tujiulize, tulimpenda Janeffer au tulipenda tu kumpigia makofi? Leo Jumatatu wale wanawake wanne wamerudi kwenye zamu zao. Siku ya Janeffer haina mtu. Nilimuuliza Nelvine kama ana neno la kuwaambia watu redioni. Akaniambia:

"Waambie kesho ni Jumanne."