Nusu ya Meseji

Kwenye gari la Mangapwani, siku ya hitima ya mama yake, Thuwaiba alikaa nyuma ya mafundi wawili wa kampuni ya simu, waliokuwa wakibishana tangu Darajani.

"Samir, programu ya kipimo umeiweka wewe," alisema mkubwa wao. "Mtambo unagawa meseji kwa mashine mbili, na kipimo kitwambie hali ya zote mbili. Wewe umeandika jina la mashine ya kwanza mara mbili! Ya pili imekufa tangu Ijumaa, kipimo kinasema salama."

"Lakini nusu ya meseji zimefika, Mzee Amour."

"Na nusu nyengine?"

"Meseji tu hizo," alijibu Samir, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Asiyejibiwa si atatuma tena?"

Thuwaiba alivuta buibui usoni. Mama alikufa Ijumaa asubuhi, akazikwa alasiri. Yeye alipata habari Jumamosi. Kaka yake Hamed aliapa kwamba alimtumia meseji kabla ya kwenda kuchimba kaburi. Thuwaiba akamwita muongo mbele ya watu wa taazia.

Gari likasimama. Mafundi wangali wakibishana. Hamed alikuwa amesimama juani kando ya barabara; hata hivyo, amekuja kumpokea.