Mkoromo Uliomhamishia Mke Wangu Kikwe

Amani ya Bwana iwe nanyi, wapendwa, na wote mlionitangulia shikamooni. Mzee wa jumuiya amenipa dakika tano. Mnanijua, nitachukua kumi.

Wengine mmeanza kucheka kabla sijafungua mdomo, na najua mnachokumbuka. Ni ile Jumapili niliyosinzia kwenye safu ya besi ya kwaya, nikakoroma mpaka mchungaji akakatisha mahubiri kungoja nimalize. Watoto wa shule ya Jumapili walinipa jina siku hiyo, na baadhi yenu mnalitumia. Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Ndugu zangu, nawaambia, kule kucheka ndiko kulikonichelewesha.

Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, na baba yangu alikuwa mkoromaji wa kutajwa. Sisi watoto tukimsikia tulijua mzee yupo nyumbani, tukalala kwa amani. Kwa hiyo nilipofungua duka la vifaa vya ujenzi hapa Kijenge, mwili ukanenepa na mkoromo ukaanza, niliupokea kama urithi. Jioni nilipita Kwa Mrombo kwa nyama choma na bia mbili tatu, nikifika nyumbani naanguka chali, basi, mpaka asubuhi. Mchana nasinzia juu ya kaunta, wateja wananiamsha kwa kugonga misumari.

Mama watoto wangu hakuniacha hivi hivi. Alinichemshia tangawizi, akaniongezea mto. Alipoona kelele inapungua nikilala ubavu, akashona mfuko mgongoni mwa fulana yangu, akatia kokwa la parachichi ndani, ili nikigeuka chali liniume. Lilikaa siku mbili, nikalitupa dirishani. Akaniambia, "Baba, twende hospitali wakuangalie."

Nikamjibu, "Mwanamume mzima nipelekwe hospitali kwa sababu ya kulala? Watu nitawaambia nini?"

Alirudia mara nyingi. Mwisho akakunja kanga zake.

Ulikuwa msimu wa kupanda. Tuna shamba la mahindi na maharage Kikwe, na kijumba cha vyumba viwili. Aliniaga kwamba anakwenda kusimamia kazi. Sawa. Akapanda, akapalilia, akavuna, akapukuchua, na bado hakurudi. Watoto wako vyuoni. Nyumba ikabaki na mimi.

Hapa nitasema bila kuona haya. Nilimtamani mke wangu. Siyo kupikiwa, nyie wanaume mnaotikisa vichwa, ugali najua kusonga. Nilitamani kumsikia akibishana na redio wakati wa taarifa ya habari. Foronya yake ilikuwa na harufu ya mafuta yake ya nywele, sikuifua, mpaka dada yangu alipokuja akaichukua kwa nguvu. Nikamkasirikia dada yangu wiki nzima, na yeye hajui kwa nini mpaka leo.

Kila Jumamosi nilikwenda Kikwe. Alinipokea vizuri, akanipa loshoro, yale mahindi ya kuchemsha na mtindi mzito, akaniuliza habari za duka. Jua likianza kushuka ananisindikiza mpaka barabarani. "Haya baba, usichelewe." Nikigeuka namwona amesimama, Mlima Meru uko wazi nyuma yake, ananipungia mkono mpaka nipotee. Mwanamke anayekupungia mkono namna hiyo hajakuchoka. Sasa mbona haji? Nilirudi na swali hilo Jumamosi baada ya Jumamosi, na lilinitafuna.

Nikajijibu kwamba nimemkosea. Na kwetu, ukimkosea mtu, njia ipo. Mnalijua isale, lile jani tunalolipanda kwenye mipaka ya mashamba. Likipelekwa na wazee kuomba msamaha, aliyekosewa hawezi kulikataa. Nikawabebesha kaka yangu mkubwa na shangazi, nami nikafuata nyuma nimeinamisha kichwa.

Akalipokea kwa mikono miwili. "Nimesamehe," akasema, "ingawa sikuwa na hasira."

Nikarukia, "Basi funga mizigo, twende!"

Akatikisa kichwa, machozi yakamtoka mbele ya wakwe zake. "Baba, unadhani nilikimbia kelele? Kelele ndiyo ilikuwa nafuu yangu. Unakoroma, halafu unanyamaza. Hupumui. Nakaa pale kitandani nahesabu. Nakutikisa, ndipo unavuta hewa kama mtu aliyeopolewa majini. Miaka mitatu. Nilikuambia hospitali, ukacheka. Siwezi kulala pembeni yako nikisubiri siku ambayo nitakutikisa na usiamke. Umeniletea isale. Isale halitibu koo."

Wapendwa, nilikwenda pale kama mkosaji, nikatoka mgonjwa. Shangazi, ambaye huwa hana maneno mawili, aliniambia, "Jumatatu unakwenda na mkeo, na nitapiga simu kuhakikisha."

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Aliniuliza maswali mawili, kisha akamgeukia mke wangu. "Mama, yeye alikuwa amelala. Uliyeona ni wewe." Mke wangu akasimulia, nami nikakaa pale nikisikiliza habari zangu kama za jirani. Nikachunguzwa pua na koo, nikapimwa shingo kwa utepe kama nashonewa suti. Presha ilikuwa juu. Akatueleza kwamba mkoromo una sababu nyingi: pua kuziba, mafindofindo, unene, pombe za jioni, kulala chali. Si kila anayekoroma anaumwa. Ila mtu anayekatika pumzi usingizini, na mchana anasinzia hovyo, asikae nyumbani akijisifia urithi.

Nilipimwa nikiwa nimelala, nikapewa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa. Siku ya kwanza nilijiona kichekesho, nikaivua mara nne. Umeme ukikatika nalala ubavu na kuomba Mungu. Bia za jioni nimeacha. Uzito unashuka kwa kusuasua, msinipongeze bado.

Mke wangu alirudi na kikapu kimoja tu. Akasema anajaribu. Nilikitazama kile kikapu kila siku, nikiogopa kukikuta hakipo.

Namshukuru kaka yangu na shangazi kwa kubeba jani ambalo halikuwa na kosa la kuombea. Namshukuru yule binti daktari. Na neno langu kwenu ni hili: mwenzako akikuambia ulivyo ukiwa umelala, msadiki. Yeye alikuwepo. Wewe hukuwepo.

Namalizia. Kina mama, nimewaona mnanong'onezana tangu niingie peke yangu, mkidhani amerudi Kikwe. Hajarudi. Zamani kila nilipofumbua macho alfajiri nilimkuta yuko macho, ananitazama, nami nikajisemea nimeoa mwanamke mchapakazi. Leo nimefumbua macho nikamkuta amelala. Mdomo wazi kidogo, mkono wake juu ya kifua changu. Nilikuwa nimesahau uso wake ukilala unafananaje. Nikautoa ule mkono taratibu, viatu nikavalia nje.

Naomba jumuiya isimwandikie utoro. Mwacheni alale.