Mwalimu Labib Shenuda na Namba 99,400,891

Mwalimu Labib Shenuda alizaliwa Mallawi, Misri, tarehe 12 Machi 1938, mtoto wa kwanza wa fundi saa Shenuda Girgis. Marehemu mama alisimulia kwamba hata uji aliuchungulia kwanza kabla ya kufungua kinywa. Dada yake Febronia, anayeusoma wasifu huu, alimfuata baada ya miaka kumi na minne.

Alisoma Mallawi, kisha chuo cha ualimu Asyut, akahitimu mwaka 1960. Alifundisha hesabu sekondari mjini Minya hadi alipostaafu mwaka 1998. Vitabu vya majibu hakuviamini; kila jibu alilikokotoa upya. Mara mbili alimwandikia mchapishaji barua kali, na mara moja kati ya hizo aliyekosea ni yeye.

Mwaka 1967 alimwoa Tereza Iskandar. Hawakujaliwa watoto, na Tereza alifariki mwaka 1985. Febronia akahamia kwake kumpikia.

Februari 1988 Wagdi Habashi, mwalimu wa fizikia, alikuja na sinia la keki tamu ya basbusa kumposa Febronia. Baba alikwishafariki, hivyo neno lilikuwa la Labib. Alimtaka Wagdi ataje namba kubwa na kusema ukweli juu yake, apate kumpima. Wagdi akaandika 99,400,891.

“Hii si namba tasa, Ustadhi. Inagawanyika. Anzia juu, karibu na elfu kumi, utaona upesi.”

“Anayekuambia anzia mwisho kuna kitu kaficha mwanzo. Naanza na tatu. Nikiona husemi uongo, mchukue.”

Basi kila Ijumaa baada ya misa aligawanya kwa namba tasa moja tu, asije akakosea kwa pupa. Tatu, tano, saba, na kuendelea, miaka ishirini na mitatu.

“Kaka, si ufanye hata mbili mbili?” Febronia alimwambia akimletea chai.

“Una haraka ya kwenda wapi?”

Wagdi hakuoa.

Ijumaa ya tarehe 9 Septemba 2011 Labib alifika 9,949. Jumapili moyo ukamlaza hospitalini. Febronia alikaa na daftari la hesabu ile kando ya kitanda, na shaka ikamwingia yeye sasa. Ukiiongezea tisa namba ile, unapata mraba kamili wa 9,970. Kumbe ni 9,967, zamu ya Ijumaa iliyofuata, mara 9,973. Mwalimu mzima asilione hilo?

“Kaka, ulijua lini?”

“Siku ile ile. Hata basbusa ilikuwa haijaisha.”

“Na mimi je?”

“Niliogopa utaniacha na kuta, dada yangu.”

Febronia alikasirika, na hasira anayo mpaka leo. Hata hivyo mkono wa kaka yake hakuuachia, hadi alipokata roho Jumanne tarehe 20 Septemba, saa nne asubuhi.

Ameacha dada mmoja, mashemeji wawili wa upande wa Tereza na wanafunzi wasiohesabika. Apumzike Labib kwa amani ya Bwana. Na Wagdi Habashi, aliyeketi safu ya tatu, anaombwa asiondoke baada ya maziko; Febronia ana neno naye.