Bi Saadia na Bwana Harusi wa Maabara ya Shimanzi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Dkt. Saadia Faraj anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya utafiti wa dawa kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya sherehe ilitaka wasifu huu uandikwe na msomi. Wasomi wakaanza kusukumiana, huyu ana safari, yule ana makala, mpaka kazi ikaniangukia mimi Chonga, dereva na mwoshaji wa vyombo vya kioo, ambaye shule tuliachana kidato cha pili, kwa amani, bila kugombana. Hawakukosea. Hakuna aliyekaa naye garini kama mimi, na chupa niliyoiosha mimi hata vumbi huona haya kuikaribia.

Bi Saadia (ukimwita Daktari nje ya lango hugeuka kutafuta anayeitwa) ni mzaliwa wa mtaa wa Kuze, hapa hapa Mombasa. Alisoma chuo, yaani madrasa, mtaani humo humo, akaenda Nairobi kusomea kemia, kisha akarudi kuajiriwa hapa siku ambazo kazi yetu ilikuwa kupima dawa zinazoshuka bandarini, tujue ni dawa kweli au ni chokaa iliyopakwa rangi.

Aliyeamua maabara ijengwe Shimanzi, Mungu anamwona. Lori la makontena likipita, mizani yetu hutetemeka kama mwenye homa. Wakubwa waliandika malalamiko, na malori hayasomi. Bi Saadia akagundua kwamba Ijumaa adhuhuri, madereva wengi wakiwa msikitini, barabara hutulia tuli. Basi Barnabas, fundi wetu wa vipimo, mtu wa bara na mwimbaji wa kwaya, akapewa zamu ya kupima saa hiyo. Hadi leo Barnabas huapa kwamba hakuna Mkristo kisiwa hiki anayeingojea Ijumaa kama yeye.

Yapata miaka kumi na tano iliyopita Bi Saadia akaingia katika utafiti uliompa jina. Nitaueleza, na msijifanye mwaujua. DNA, ile kamba inayobeba maagizo ya mwili, kwa kawaida ni nyuzi mbili zilizosokotana. Lakini pale ambapo herufi yake moja, G, inajirudia-rudia, uzi mmoja unaweza kujikunja wenyewe ukawa fundo la pande nne. Zile G hukaa nne nne, kama watu waliozunguka sinia la pilau, na sinia hupandana juu ya sinia. Mafundo haya hupenda kutokea kwenye ncha za kamba. Na seli ya saratani ina ujanja wake: huzirefusha ncha hizo ili isizeeke. Sasa ukipata molekuli ndogo, bapa, ikalikalia fundo kama kawa, kile kifuniko cha ukili, juu ya sinia, fundo halifunguki, na huyo mrefushaji hukosa pa kushika. Bi Saadia alinielezea haya jikoni kwake, kwa masinia na kawa za kweli, na pilau tukaila.

Taabu ni kwamba kitu bapa hakina adabu. Hupenya popote, hata katikati ya vipandio vya DNA ya kawaida, iliyo kama ngazi iliyosokotwa, na hapo huziumiza seli ambazo hazikukosa lolote. Ndipo Bi Saadia akashikilia kipimo ambacho sisi wa chini tulikiita mtihani wa mume. Molekuli huachwa ilishike fundo, kisha humwagiwa DNA ya kawaida, tuone kama itatulia kwake au itaanza kutangatanga.

Molekuli nyingi zilianguka mtihani huo. Moja, unga wa manjano kama bizari, ikafaulu. Fundo ambalo joto kidogo lilikuwa likilifungua, unga huo ukilikalia lilikataa kufunguka. Tukaiita Bwana Harusi. Maabara nzima ilipiga vigelegele, na mimi, nisijisifu sana, ndiye niliyeanza. Bi Saadia alisema neno moja tu: bado.

Redio haikusikia neno hilo. Mwaka 2021 mtangazaji mmoja alitangaza kwamba dawa ya saratani imepatikana Mombasa. Asubuhi yake ngazi za nyumba ya Bi Saadia zilijaa watu. Mzee mmoja alitoka Ndia Kuu na chupa tupu ya asali, ajaziwe. Bi Saadia aliketi na kila mmoja, akamweleza kwamba dawa haijawa dawa, akamuuliza hospitali gani inamwangalia. Wakaondoka, wengine wakimwombea dua, wengine wakinung'unika.

Mmoja hakuondoka. Bi Mwanakuu, jirani wa dirisha kwa dirisha, ambaye walikaa mkeka mmoja chuoni, alikuwa ameambiwa wiki hiyo hiyo kwamba ana saratani ya titi. Alikuja na sahani ya mkate wa sinia, ameifunika kitambaa. Kuze sahani hairudi tupu, na sote pale ngazini tulijua sahani ile inangojewa irudi na nini.

"Wewe Saadia," alimwambia, "mimi nawe tangu hatujui kujifunga leso. Leo waninyima?"

Bi Saadia alimwambia hamnyimi. Kile kitu hakijawahi kuingia mwilini mwa mtu, hajui kitamfanya nini, na asichokijua hamlishi mtu, sembuse yeye. Dawa zinazojulikana ziko hospitalini, na watakwenda pamoja. Sahani ikarudi na halua. Halua ikarudi kama ilivyokwenda, haijaguswa, na Bi Mwanakuu akafunga dirisha.

Hospitali alikwenda, lakini kwa masharti yake. Gari la Bi Saadia, mimi kwenye usukani, mwenye gari kushoto kwangu, Bi Mwanakuu nyuma amejitanda buibui, na hakuna anayesema na mwenziwe. "Chonga, mwambie daktari wako upepo huu waniua." "Chonga, mwambie Bi Mwanakuu nimeshafunga kioo." Walikuwa wanaweza kushikana mkono! Mimi nami, kwa kuwa nina kipaji, nilitengeneza maneno njiani. Siku moja Bi Mwanakuu aliniambia nimwambie huyo kwamba ana moyo wa jiwe. Nikamgeukia Bi Saadia nikamwambia ameambiwa amependeza. Bila kugeuka alinijibu, "Nimesikia, Chonga. Si kiziwi mimi." Dawa ilipokuwa ikitiririka mkononi mwa Bi Mwanakuu, Bi Saadia aliketi nje kwenye benchi, maana ndani mgonjwa alimkataza, na uji aliompikia ukaingia kwa mkono wangu.

Matibabu yakiwa nusu, Nekesa, mkemia wetu kijana, aliurudia mtihani wa mume, safari hii kwa DNA ya kawaida tele, wingi ule ulioko ndani ya seli ya kweli. Bwana Harusi akatangatanga. Alipotiwa kwenye vyombo vya seli, zenye afya zilikufa sawa na za saratani. Nekesa alilia. Bi Saadia aliomba kipimo kirudiwe, kikarudiwa, kikatoa jibu lile lile, naye akatia sahihi kazi yake ya zaidi ya miaka kumi ifungwe. Kisha akaja kwenye sinki langu akaanza kuosha vile vyombo mwenyewe. Siku nyingine ningemfukuza. Siku hiyo nilimpa nafasi, nikawa nasuuza.

Nilitaka nikimbie Kuze kumwambia Bi Mwanakuu. Alinikataza, na maneno yake ninayo. "Nilipomnyima sikuwa najua. Ingekuwa dawa njema, ningekuwa nimemnyima vile vile. Sasa nikajisifie nini? Na mgonjwa haendewi kuambiwa nilikwambia." Akaendelea kuketi kwenye benchi lile, akaendelea kununiwa.

Matibabu yalimalizika. Madaktari wakitazama sasa hawaoni kitu, alhamdulillahi, na kila baada ya miezi michache twampeleka akaangaliwe. Hadi mwezi uliopita, salamu zao zilikuwa bado zinapitia kwangu.

Bi Saadia anatuachia mengi. Anamwachia Nekesa molekuli mpya, iliyopunguzwa ubapa na kutiwa vijimkono vya kushika mifereji ya lile fundo, mahali ambapo DNA ya kawaida haina umbo kama lake. Hata sasa imekuwa mwaminifu. Nekesa alimuuliza kama tuitangaze. Hamkisii alichojibu? Anatuachia pia wanafunzi waliotawanyika kila pembe, na Barnabas ambaye sasa anaweza kutofautisha kawa na kofia.

Bi Mwanakuu amealikwa leo, na viti nimepanga mimi, kwa hiyo msiulize kwa nini chake kimebanana na cha mstaafu. Bi Mwanakuu, shikamoo. Sasa umesoma. Kile ulichonyimwa kingekudhuru. Aliyekunyima hakulijua hilo siku ile. Alijua tu kwamba wewe si mtu wa kujaribiwa. Alipolijua, alichagua ukasirike naye kuliko akuumize ukiwa kitandani. Nawe Bi Saadia, najua ulinikataza. Lakini barua ya kustaafu umeshaitia sahihi, na kunikaripia si kazi yako tena.

Tunakushukuru kwa mikono yako, kwa subira yako, na kwa kila "bado" uliyotuambia tukiwa tumeshaanza kupiga vigelegele. Tunakuombea afya, usingizi usio na ngurumo za malori, na siku nyingi njema huko Kuze. Na leo ukimgeukia Bi Mwanakuu ukamwita, tunakuombea akuitike mwenyewe, maana mimi gari nimeshalizima.