Sifa za Radi

Benchi la mbele ya banda la fundi redio lina miguu mitatu ya mbao, na mahali pa mguu wa nne pamewekwa matofali mawili. Anayekaa upande wa matofali ana sharti moja: akitaka kuondoka ainuke polepole, la sivyo wenzake wote watajikuta chini na vikombe vyao. Jumamosi ile upande huo alikaa Radi. Kwa kazi ni fundi bati, anatengeneza masanduku, lakini jina alilipata miaka thelathini na tano iliyopita, alipokuwa mpiga dramu wa bendi ya roki ya Vyuma. Pembeni yake alikaa Chaki, mwalimu aliyestaafu, kisha Kipara, kinyozi asiye na unywele hata mmoja wa kujitolea mfano. Waya, fundi redio mwenyewe, alikuwa ndani ya banda, kiwiliwili kimetokeza dirishani. Dada Birika alimimina kahawa. Na redio ya Waya ilikuwa inapiga albamu mpya ya Vyuma, ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili. Waliiita Bado Tupo. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu itoke, na dunia ilikuwa imeijibu kwa kunyamaza.

Ubishi wa siku ile ulikuwa huohuo wa siku zote: kwa nini watu hawaitaki.

— Kosa ni simu, alisema Waya. Watu wanasikilizia kwenye simu. Spika ya simu ni kama kifungo cha shati. Roki kwenye kifungo cha shati ni kumpitisha tembo kwenye tundu la kitasa.

Chaki alikataa. Yeye aliona kosa liko kwenye maneno. Alieleza kwa utulivu, kama anayesahihisha madaftari, kwamba mtu wa miaka sitini na mitatu hawezi kuimba kwamba atatoroka na binti wa watu usiku wa mvua, atapanda ukuta, ataruka mto. Atapanda kwa magoti gani? Msikilizaji badala ya kusisimka anaingiwa na huruma.

— Nyote mmepotea, alisema Kipara. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa nendeni mkawaangalie watangazaji wa redio. Kuna aliyevunjika guu?

Hakuna aliyewahi kumwona.

— Basi wamesikia la mkuu. Swali ni mkuu yupi.

Jibu alikuwa nalo, maana Kipara haulizi swali asilojua jibu lake. Wakuu wenyewe ni wauza magodoro. Alilifafanua akiwa amesimama, kikombe kikimwagika: roki inaamsha watu, mtu aliyeamka hana haja na godoro, kwa hiyo wauza magodoro wamezunguka redio zote kimyakimya. Chaki alimuuliza mbona enzi zile Vyuma walipigwa redioni kutwa kucha. Kipara akasema enzi zile watu walilalia mikeka.

Radi alicheka nao. Kucheka kulikuwa rahisi. Kilichokuwa kigumu kilikuwa mfukoni mwa Chaki, nacho alikiona kinatoka: ukurasa wa gazeti, umekunjwa mara nne.

— Hebu nyamazeni, hii imeandikwa na mtu anayejua, alisema Chaki, akavaa miwani. "Sauti ya mwimbaji imechakaa. Magitaa yamechoka. Ni mpiga dramu peke yake ambaye uzee umesahau kupita kwake. Anapiga sawasawa kama saa ya ukutani, hakosei hata nukta moja."

Kipara alimpiga Radi begani. Dada Birika, ambaye hajawahi kumwongeza mtu kahawa bila kuombwa, alimwongeza.

— Kaka Radi, ukiona vyaelea vimeundwa, alisema Kipara. Wenzako wamezama, wewe unaelea.

Radi alijibu, "Mm."

Ni "mm" hiyohiyo aliyoitoa siku ya kwanza, wiki mbili zilizopita, Waya alipoiweka albamu kwa mara ya kwanza na benchi zima likamgeukia kumtazama uso. Uongo wake wote ulianzia pale, haukuzidi hapo, na kila siku ulizidi kunenepa wenyewe bila yeye kuulisha.

Kwa maana dramu zile hakuzipiga yeye.

Studioni walimkalisha katika chumba cha peke yake chenye kuta za magodoro, wakamvika kofia ya masikioni inayolia tik, tik, tik, wakamwambia aifuate. Kwa miaka yote Radi hajawahi kumfuata mtu. Yeye ndiye aliyefuatwa. Na alikuwa na ugonjwa wake: kila walipofika kwenye kiitikio, alikimbia. Hakuamua. Mikono ilimtangulia, gitaa likaifuata mikono, mwimbaji akafuata gitaa, na ukumbi mzima ukajikuta unakimbizana huku umesimama. Watu walikuja kwa ajili ya ule mkimbio. Lakini ile tik tik haikukimbia naye. Alipofika kwenye kiitikio ikabaki nyuma, akaingojea, akaipita, akapotea. Fundi mitambo alisimamisha kila kitu na kumwambia kwa adabu, "Mzee wangu, haraka haraka haina baraka." Wakarudia. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Jioni ya tatu mpiga gitaa, mkubwa wa bendi, ambaye pia ni kaka wa mkewe, alimshika mkono mlangoni.

— Shemeji, nenda nyumbani kapumzike. Tumeshapata tunachokitaka.

Na Radi, mtu mzima, aliondoka akitembea kifua mbele. Alimwambia mkewe kwamba wenzake watabaki kule mwezi mzima, ila yeye amemaliza kwa siku tatu. Mkewe alimpashia maji ya kuoga kama mtu aliyetoka vitani.

Albamu ilipotoka, jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye jalada, na picha yake ipo, ameshika vijiti viwili. Kilichokuwa kinapiga ni mashine. Hakumuuliza shemeji yake. Angemuuliza nini, naye alishajibu?

Mara tatu alitaka kusema pale benchini. Lakini huko kwenye mabati yeye ni mzee wa masanduku, na nyumbani ni babu wa watoto watano. Ni pale tu, juu ya matofali mawili, alipokuwa bado Radi. Mtu haukati mguu wa kiti alichokalia.

Wimbo wa tatu ulikuwa unaanza alipofika mama mmoja, mtu mzima, ameshika pasi iliyofungwa kwa waya wake. Kijiweni hawakumjua. Aliwasalimu, akampa Waya pasi na kumweleza kwamba inawaka taa lakini haipati moto. Kisha akasikia redio, akatulia.

— Hawa si Vyuma?

— Ndio wenyewe, alisema Kipara. Na huyo hapo ndiye Radi.

Yule mama alimtazama, na uso wake ukapungua miaka mingi kwa mara moja. Akaeleza, huku ameziba mdomo kwa aibu ya kucheka mbele ya wanaume asiowajua, kwamba ujanani alipoteza kiatu katika dansi lao, mguu wa kushoto, kwenye kiitikio, na alirudi kwao akichechemea wala hakujuta. Mama yake alimchapa kwa kile kilichobaki.

Benchi likacheka. Radi naye alicheka, na safari hii ilikuwa kweli. Siku ile aliikumbuka. Kile kiatu wenzake walikiona kinapita juu ya vichwa vya watu, yeye akazidi kukimbia.

Redioni kiitikio kikaingia. Yule mama aliinua kidole, akangoja. Kiitikio kikapita, sawasawa kama saa ya ukutani. Akashusha kidole.

— Mbona hukimbii?

Radi alitazama ndani ya kikombe.

— Huo ndio ukomavu, dada, alisema Kipara. Mtu mzima hakimbizwi ovyo. Mwenda pole hajikwai.

— Sawa, baba, alisema yule mama bila ubaya wowote, kama anayeulizia njia. Ila mkono wa mtu naujua. Hapa anapiga nani?

Chaki alilikunja gazeti mara nne, akaona halijawa dogo vya kutosha, akalikunja tena.

Radi aliinua macho kumtafuta Waya. Waya ndiye mwenye masikio. Miaka ishirini anafungua redio na kujua kilichokufa kwa kusikiliza tu. Na Waya alikuwa ameinamia ile pasi ya watu, anaigeuza, anaigeuza, wala hata bisibisi hajaishika. Radi akaelewa kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Wiki mbili alikuwa anamwekea albamu ile, na kuisifu, na kumnyamazia. Hilo lilimwingia kuliko gazeti.

Mkono wa Waya ukatoka dirishani, ukazima redio. Yule mama akabaki amesimama, hajui amevunja nini.

— Kahawa imekwisha, jamani, alisema Dada Birika.

Akalinyanyua birika kutoka kwenye jiko lake la mkaa, na wote wakasikia kahawa ikicheza ndani, nusu nzima. Walimrudishia vikombe mmoja mmoja.

Radi alikuwa wa mwisho. Aliweka kikombe chake chini, akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akainuka polepole, ili wenzake wasianguke.