Historia ya Fundi Sikio, Aliyehesabu Puli kwa Sauti

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumanne tarehe 14 Mei 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao ambako baba yake alikuwa mlinzi, alizaliwa mtoto wa nne kati ya watoto sita, ambaye leo tumekusanyika kumsindikiza. Saa hiyo inajulikana kwa uhakika kwa sababu king'ora cha mapumziko ya chai kilikuwa ndiyo kwanza kinalia, na marehemu shangazi yake alishikilia hadi uzeeni kwamba mtoto alikisikia, akaona asipitwe na chai.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza Novemba 1971, kisha akasoma sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, na ripoti yake ya mwisho, ambayo mkewe ameitunza, inaonyesha kwamba alikuwa wa tatu katika hisabati na wa mwisho katika kuimba, jambo ambalo hakuwahi kulikanusha. Februari 1976 aliingia chuo cha ufundi wa magari, akahitimu Desemba 1977.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi, na huko ndiko alikopewa jina la Fundi Sikio, baada ya kusema kuhusu basi lililokuwa bado linaingia getini kwamba mkanda wake wa injini, ule ambao wengi wetu tunauita fenibelti, umelegea, na msimamizi aliyembishia mbele ya watu akafungua boneti mwenyewe, akabonyeza mkanda kwa kidole, akabaki kujikuna kichwa.

Jumamosi tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, ambaye ndiye mjane wake leo. Wakiwa njiani kwenda kwenye sherehe gari la maharusi lilianza kupiga mluzi, bwana harusi akavumilia, akavumilia, mwishowe akasimamisha msafara, akavua koti na kuinamia injini, mpaka bibi harusi akachungulia dirishani akamwambia, "Ukimaliza na huyo mke mwenzangu, mimi nipo huku." Ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na mwezi mmoja, ikajaliwa watoto watatu, wa kwanza ni dereva wa malori, aliyezaliwa 1986, wa pili ni muuguzi, aliyezaliwa 1990, na kitinda mimba, binti aliyezaliwa 1998, amehitimu shahada ya takwimu na amekuwa akifanya kazi na baba yake tangu 2021.

Jumatatu tarehe 2 Machi 1992 alifungua gereji yake mwenyewe, yenye paa la mabati na shimo moja la kukagulia magari, na kwa miaka thelathini na miwili hakubadilisha namna yake ya kushughulikia mkanda. Kwanza alichora njia yake kwenye kipande cha boksi kabla ya kuufungua, alizungusha kila puli, yaani kigurudumu kinachopitiwa na mkanda, kwa mkono kusikiliza kama inakwaruza, na hakuruhusu mtu yeyote apake sabuni kwenye mkanda unaopiga kelele, akisema kwamba huko ni kumziba mgonjwa mdomo. Mkanda wa zamani, kama haujachanika, alimwekea mwenye gari kwenye buti, na mpya ukishakaa alipitisha kidole kwenye mifereji ya kila puli, ya alteneta inayochaji betri, ya pampu ya maji, ya usukani, ya kukaza mkanda, na ile ya chini isiyoonekana vizuri, akihesabu kwa sauti, na kila aliyefanya kazi hapo alilazimika kuhesabu hivyo hivyo, hata wateja wakicheka.

Agosti 2023 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akapimwa, moyo wake ukakutwa umechoka sana, na kuanzia Juni mwaka huu alilala katika chumba cha mbele, ambacho dirisha lake linatazama mahali gari la nyumbani linapoegeshwa.

Hapa familia imeona iseme jambo wazi, kwa sababu wapo waliouliza, na wapo walionong'ona bila kuuliza. Jumamosi tarehe 5 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, kitinda mimba alibadilisha mkanda wa gari hilo la nyumbani, akachora njia, akazungusha puli, akafanya yote kama alivyofundishwa, isipokuwa kwamba alidhani baba amelala, hakutaka kumwamsha, akahesabu kimoyomoyo, na katika ukimya ule alipita puli nne, ya tano akadhani ameshaigusa. Kwenye puli hiyo mkanda ulikuwa umekaa mfereji mmoja nje.

Jumatatu tarehe 7 Oktoba, saa tatu asubuhi, pumzi ya marehemu ikawa nzito, wakamweka kiti cha nyuma pamoja na mkewe, binti akashika usukani kuelekea hospitali, na baada ya kilomita kumi na mbili mkanda ukachomoka, taa ya betri ikawaka, usukani ukawa mgumu kama jiwe, binti akazima injini kando ya barabara. Kaka yake, aliyepigiwa simu, alikuwa safari ya mbali na lori lake, jirani mwenye gari alisema atafika baada ya saa nzima, na magari mawili yaliyopungiwa mkono hayakusimama, basi binti akatoa mkanda wa zamani kwenye buti, akaanza upya huku mikono ikimtetemeka, na mama akamwambia, "Mwanangu, tetemeka baadaye." Marehemu, mlango ukiwa wazi, alisema maneno machache kwa kadiri pumzi ilivyomruhusu, kwamba Jumamosi alikuwa macho, akingoja kumsikia akihesabu, aliposikia kimya akadhani kazi bado haijaanza, akapitiwa na usingizi, "kwa hiyo kosa tuligawane, wewe nusu na mimi nusu, na nusu yangu naichukua sasa hivi."

Walichelewa dakika hamsini. Daktari bingwa wa moyo aliulizwa na binti huyo mara tatu, siku mbili tofauti, kama dakika hizo ndizo zilizomchukua baba yake, naye akakaa naye chini, akamwonyesha vipimo vya Julai, vya Septemba na vya siku ile, akamwambia kwamba moyo ulikuwa umefika mwisho wake, na kwamba hata angefika mapema matibabu yangekuwa yale yale. Familia inaamini hivyo. Binti bado anajifunza kuamini.

Fundi Sikio alifariki dunia Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa nane na dakika ishirini mchana, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotuletea viti na maji bila kuombwa, mafundi wenzake waliofunga gereji zao leo, na wateja wote waliomwamini. Tulia sasa, fundi wetu, umeshafanya zamu yako, pumzika.

Kabla sijakaa, mjane ameomba lisomwe neno moja zaidi. Alhamisi asubuhi, siku iliyofuata kifo, mwalimu wa chekechea alifika gereji saa moja na nusu kuchukua gari lake lililokuwa halina mkanda tangu Jumamosi, hakuwa amepata habari za msiba, na mama ndiye aliyemwambia kitinda mimba, "Nenda, wa kunifuta machozi ni wengi, wa kumfungia yule mkanda hayupo." Binti alimweleza mwalimu yote, msiba, puli ya tano na dakika hamsini, akamwambia kwamba akitaka fundi mwingine atampeleka yeye mwenyewe. Mwalimu alimpa pole, akaweka mkoba wake juu ya benchi, akaketi kusubiri. Gari lilitoka getini saa tatu na dakika tano, binti akasimama akilisikiliza mpaka likakata kona, halafu akanawa uso, akafungua boneti ya gari lililofuata.